Nilichomoa Waya Kabla Taa Haijamaliza

Nimekosa, na nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Modogashe, maana hao hawawezi kunyamaza. Eedo wangu, dada ya marehemu baba, haoni mpaka leo kwa sababu yangu. Haya, sasa mnajua.

Mimi ni mwanamke na nina gari. Ni ya zamani, hata ile mashine ya kompyuta ya mafundi wa siku hizi haina pa kuchomekwa. Walioiuza wako Nairobi, na Nairobi ni mbali. Basi nikajifunza kuisoma mwenyewe. Unafungua boneti, unatafuta kisanduku kidogo chenye kifuniko, unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, kisha unawasha swichi bila kupiga stata. Taa ya injini inaanza kukonyeza, na wewe unahesabu. Mbili, inapumzika, moja: hiyo ni ishirini na moja. Kila namba ina ugonjwa wake.

Wanaume wa hapa walinicheka sana. "Mwanamke anapigia gari ramli!" Wacheke tu! Gari zao zilipokataa kuwaka, walibisha mlango wa nani? Wangu!

Sasa, Eedo alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari walikuja Garissa kupasua watu bure, na siku ile tuliyosafiri ndiyo ilikuwa yao ya mwisho. Alichotaka ni kitu kimoja: aone sura ya binti yangu, maana yeye ndiye aliyempa jina. Kaka yangu akasema tukodi gari ya mtu. Nikamwambia, "Walaal, gari ninayo, nikodi ya nini?"

Tunatoka tu, taa ikawaka. Nikasimama mbele ya hoteli ya chai, wanaume wamejaa. Nikaweka waya. Mbili, ikapumzika, moja.

Ah! Hiyo naijua! Ni kile kifaa cha kupima moshi kwenye ekzosi, kimekufa tangu niinunue gari, na gari inakwenda tu. Mzee mmoja akauliza, "Eh, abaayo, dada yetu, imesema nini?"

"Imesema nyinyi mnywe chai!"

Wenzake wakamwangukia kwa kicheko. Nikasikia raha, wallahi. Nikachomoa waya, nikabamiza boneti, tukaondoka.

Kumbe taa haikuwa imemaliza! Gari ikiwa na magonjwa mawili inataja wa kwanza, inanyamaza kidogo, halafu inataja wa pili, ndipo inarudia tangu mwanzo. Na nilijua hilo! Hapo ndipo panaponiuma. Nilijua vizuri kabisa, lakini nilikuwa na watu wa kunyamazisha.

Katikati ya nyika injini ikakohoa, ikazima. Nikipiga stata inashika, inakufa. Na mimi kwa ukaidi wangu nikalala chini ya gari kuhangaika na kile kifaa cha moshi, mpaka nikaungua mkono. Eedo yuko ndani, shashi yake ya kichwani imelowa jasho, ananiuliza kwa upole, "Bado, eedo?" Sisi shangazi na mtoto huitana jina hilohilo moja.

Adhuhuri ilikuwa imepita niliporudisha waya na kuhesabu kama mtu mwenye akili. Mbili, moja. Kimya. Tatu, moja. Thelathini na moja! Kifaa cha kupima hewa inayoingia kwenye injini! Nikafuata waya wake, nikakuta plagi imelegea na kujaa vumbi. Nikaifuta kwa ncha ya buibui, nikaisukuma kwa kidole. Gari ikawaka palepale. Nililia kwa hasira.

Tulipofika Garissa madaktari walikuwa wanafunga masanduku. Nikasihi, nikasihi tena. Daktari, mama mmoja wa bara, akasema, "Vifaa vimeshapakiwa, dada. Pole sana." Eedo akasema Alhamdulillahi. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenipiga!

Sasa kaka anataka niuze gari, mambo ya wanaume niwaachie wanaume. Siuzi! Nani aliyeiwasha ile gari nyikani, si mimi? Kilichoniponza ni kiburi, na kiburi nimekikuta kwenye gereji nyingi, kimevaa ovaroli na kina ndevu.

Madaktari watarudi, inshallah, hakuna ajuaye lini. Eedo humpapasa binti yangu usoni kwa vidole, anauliza pua hii ni ya nani. Nikimwambia ni yako, anacheka. Mimi hutoka nje.

Nyinyi mnaosoma gari zenu wenyewe, hasa nyinyi akina dada, someni! Msimwogope mtu. Lakini usiguse huo waya mpaka taa irudie namba ya kwanza, hata kama uwanja mzima unakucheka. Mimi nilishinda maneno ya hotelini, na Eedo ndiye anayelipa, kwa macho yake.