Mama mkwe alisema ni jino, kumbe alidungwa sindano ya kurudisha ujana

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioamka vizuri na mlioamka na stress.

Mimi hapa jukwaani ni wa kusoma tu. Nasoma, nacheka, natoka. Leo naandika kwa sababu hili jambo likiendelea kukaa kifuani litanipasua. Sijaongeza chumvi, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mnijue kidogo kwanza. Nimezaliwa Kitale. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a, wakalima, wakatuzaa, wakazikwa huku huku. Nauza miche ya matunda na kabeji. Mke wangu Nekesa ni Mbukusu wa Bungoma, mwalimu, anafundisha Cheptais na huja nyumbani wikendi.

Sasa, ukioa kwa Wabukusu kuna sheria utafundishwa mapema kuliko zote. Mama mkwe haangaliwi usoni. Humpi mkono. Hamli meza moja. Hamlali chini ya paa moja. Mkikutana njiani, mmoja anapisha.

Kwetu mama mkwe unamsalimia kwa mkono na kumletea kiti, kwa hivyo mwanzoni nilipata shida. Lakini mgeni akiamua kufuata mila za watu huwa anapitiliza. Wabukusu wenyewe wa siku hizi wanapiga selfie na mama wakwe zao. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa mpaka shingo inauma. Shemeji yangu Wafula alizoea kunitania, "Wewe bana umekuwa Mbukusu kuriko sisi."

Miaka kumi na moja ya ndoa. Nilijua sauti ya mama. Nilijua viatu vyake, na hata kikohozi chake cha kuonya kwamba anapita. Uso sikuujua.

Mama anauza vitenge soko la Misikhu. Hata sitini hajafika. Mwaka huu Wafula, ambaye ni kitinda mimba wake, alipata mchumba, na mama akaenda na msafara wa posa kwa kina msichana. Kufika, dada aliyekuwa anapokea wageni akamshika mkono kwa heshima zote na kumwambia, "Kukhu, njoo ukae huku na wenzako."

Kukhu ni nyanya, yaani bibi. Mama ya bwana harusi akaketishwa na mabibi vizee wa ukoo, wengine hawana meno, na kutoka hapo akawa anamwangalia mama ya bibi harusi akipigwa picha amejipamba.

Alirudi nyumbani na hakumwambia mtu. Hayo nimeyajua baadaye.

Akaanza na cream. Kuna saluni fulani Bungoma mjini wanaichanganya pale pale na kukupakulia kwenye kopo lisilo na lebo. Uso ukawa mweupe, mashavu mekundu, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi. Kisha ngozi ikawa nyembamba, madoa yakatoka, hata jua la saa nne likawa linamchoma. Aliporudi kulalamika akaambiwa cream peke yake haitoshi, kuna mtaalamu wa urembo anakuja Kitale na sindano ya kujaza mikunjo, unatoka pale umerudi msichana.

"Nirionyeshwa picha kwa simu," aliniambia baadaye. "Za kabra na za baada."

Basi Alhamisi moja akaja kwetu Kitale. Alisema amekuja kuona wajukuu na kung'oa jino. Nekesa alikuwa Cheptais. Mimi nikafanya inavyotakiwa, nikahamishia godoro langu stoo katikati ya trei za miche, nikamwachia mama nyumba na watoto.

Mchana akaenda mjini. Jioni akarudi amejifunika leso kuanzia kichwani mpaka mdomoni. Nilikuwa namwagilia maji, nikageuka nikaongea na kabeji.

"Pole mama. Jino limetoka?"

"Rimetoka, Baba Shilu. Ni uchungu kidogo tu."

Binti yetu anaitwa Shiru. Mama, kama Wafula, hubadilisha r na l, husema Shilu, na sisi tumeshazoea.

Asubuhi Nekesa akanipigia simu. Mama alikuwa amemwambia ile dawa ya ganzi imemfanya vibaya, hakulala, na anataka kwenda kwake Bungoma. "Tafadhali mpeleke na gari," mke wangu akasema. "Asipande matatu akiwa hivyo."

Nikawasha Probox. Mama akaingia kiti cha nyuma na leso yake usoni. Na mimi, mkwe mwenye adabu, nikafanya kitu ambacho kila nikikikumbuka nashika kichwa. Nilishika kile kioo cha ndani cha dereva nikakigeuza kikaangalia juu. Nisije nikamwona kwa bahati mbaya.

Tukapita Kiminini. Nikaweka redio, nyimbo za injili. Tunakaribia Kamukuywa, mama akauliza, "Baba Shilu, mvua inakuja?"

Wakuu, jua lilikuwa linawaka. Lami ilikuwa inameremeta. Nikajiambia ni hiyo leso imemziba, nikajibu, "Hapana mama, kuko sawa."

Mbele kidogo akaanza kutapika. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikampitishia chupa ya maji dirishani huku nimegeukia shamba la mahindi la wenyewe. Mtu anatapika, mimi natazama mahindi! Na wakati ule nilijiona nimefanya vizuri kabisa.

Tulipofika Misikhu akaomba tusimame amwachie jirani yake wa sokoni funguo za kibanda. Huyo anaitwa Mama Nafula, muuza nyanya, ni rafiki yake wa miaka mingi. Akaja akicheka, akafungua mlango wa nyuma na kuvuta ile leso kwa utani, vile wamama wa soko hufanyiana.

Kicheko kikakatika hapo hapo.

"Ayii! Mayi wee! Nani amekufanyia hivi? Baba Shilu, angaria! Angaria huyu mama!"

"Siwezi, ni mama mkwe."

"Ati mkwe? Mkwe wa nini na mtu anakufa? Si nimesema angaria!"

Nikageuka.

Kutoka katikati ya nyusi, kushuka pua mpaka shavu la kushoto, ngozi ilikuwa ya zambarau iliyochanganyika na kijivu, na michirizi kama wavu. Ncha ya pua haikuwa na damu kabisa. Kope la kushoto lilikuwa limeanguka. Mama Nafula akaliinua kwa kidole, akapitisha mkono mbele ya jicho, na jicho halikufuata.

Sijawahi kushtuka hivyo maishani, na nimewahi kupinduka na trekta. Niliogopa, nikakasirika, nikaona aibu, vyote mara moja na sikujua nianze na kipi.

Mnajua mama alisema nini? Alifunika uso kwa mikono miwili akamwambia rafiki yake, "Mwambie asinione."

Mama Nafula aliacha nyanya zake hapo chini, akaingia nyuma, na safari hii sikupumzisha honi mpaka hospitali Bungoma. Tukapokewa na daktari, msichana mdogo tu. Aliangalia mara moja.

"Hili si jino," akasema. "Mama, ulidungwa nini?"

"Ni jino," mama akasema. Akauliza tena. Mama Nafula akambembeleza kwa Kibukusu, jibu likawa lile lile. Nikaona labda ni mimi, nikatoka nje nikasimama kwenye korido. Baada ya muda daktari akanifuata.

"Bado anasema ni jino. Anasema wewe ukijua atakufa na aibu. Na mimi bila kujua ni nini kiko ndani siwezi kumsaidia, na ngozi inaendelea kufa."

Hapo mila iliniisha mwilini. Nilirudi ndani, nikavuta kiti nikakaa mbele yake, magoti karibu yaguse kitanda. Nikamwangalia moja kwa moja.

"Mama, nimeshakuona. Hakuna kitu kimebaki cha kunificha. Sema tu."

Aliniangalia na lile jicho moja. Ndiyo mara ya kwanza sisi wawili kuangaliana.

"Ni sindano," akasema. "Ya kujaza. Hapa, na hapa." Akagusa katikati ya nyusi na kando ya pua. Kisha akalia kama mtoto.

Daktari akatueleza kwa lugha rahisi. Hiyo dawa ya kujaza, wanaiita filler, iliingia kwenye mshipa wa damu ikauziba. Damu haifiki kwenye ngozi wala kwenye jicho. Kuna dawa ya kuiyeyusha kama ni ile aina inayoyeyuka, lakini hapo hawana. Akapiga simu. Ilipatikana Eldoret.

Eldoret, wakuu. Kutoka kwangu Kitale tungeshika barabara ya Eldoret tungefika muda ule ule tuliotumia kuja Bungoma. Tulikuwa tumeiacha dawa mgongoni. Nilikaa chini kwenye sakafu na sikujali nani ananiona.

Akapelekwa kwa ambulance. Nekesa alitukuta huko, na sitasimulia alivyolia.

Ngozi iliokolewa kwa sehemu kubwa. Kuna kovu limebaki kando ya pua. Jicho la kushoto halikurudi. Daktari wa macho alituambia jicho huwa halingojei, huenda lilikuwa limeshakwenda jioni ile ile anaongea na mimi kuhusu jino. Nimeambiwa nisijilaumu. Najaribu.

Yule mtaalamu wa urembo simu yake imezimwa. Chumba alichokuwa amekodi Kitale kimefungwa. Tumeandikisha taarifa polisi na tunangoja. Saluni ya Bungoma nayo inasema haimjui.

Halafu kitu kilichoniuma ni maneno ya daktari wa ngozi kule Eldoret. Alimwambia mama kwa upole kwamba kutaka uso mzuri si dhambi. Angeacha ile cream, atumie sunscreen kila siku na dawa ya madoa ya kupimiwa, ngozi ingetulia pole pole. Kama ni mikunjo, sindano zipo na si mbaya zikiwa kwa daktari aliyesomea, mwenye ile dawa ya kuyeyusha hapo hapo mezani. Kama ni ngozi iliyolegea kabisa kuna hata upasuaji wa kuivuta, na huo una hatari zake unaelezwa kabla hujakubali. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza, "Sasa mbona hakuna mtu ariniambia?"

Angemuuliza nani? Binti yake angemcheka, na mimi nilikuwa naongea na kabeji.

Funzo langu si refu. Mtu akitaka kukudunga usoni, muulize amesomea wapi, ni dawa gani, na ikienda vibaya atafanya nini. Akisitasita, inuka uende. Baada ya sindano ukiona ngozi inabadilika rangi, uchungu unazidi au macho yanaingia giza, usilale nayo na usione aibu, kimbia hospitali kubwa. Na heshima ni nzuri, wakuu, lakini heshima inayokuzuia kumwona mgonjwa ina kasoro mahali. Mzee mmoja wa ukoo amesema kuna kondoo wa kutolewa kwa sababu nilimwangalia mama. Nitamtoa, hata wakisema wawili.

Nimalizie na hili ambalo ndilo linaninyima amani.

Siku ya kumtoa hospitali, Nekesa alikuwa ameenda kuchukua dawa. Tulibaki wawili. Mama alikuwa ameshika kioo kidogo cha mkononi, amejiangalia muda mrefu. Akakiweka chini, akanigeukia kwa upande wa jicho zima.

"Baba Shilu, wewe huwezi kunidanganya. Kabra ya hii, nirikuwa nimezeeka kweri?"



"Sijui, mama," nikasema. "Sikuwahi kukuangalia."

Akatikisa kichwa polepole, akavuta leso, akajifunika.

Nyinyi mngemjibu nini? Ukumbi ni wenu. Mimi nitukaneni mkitaka, ila yeye mwacheni.