Kabati la Ukoo

Jina la babu yake karani wa masjala ya hospitali lilikuwa kila kona ya mji. Lilikuwa kwenye kibao cha barabara inayoshuka sokoni, kwenye geti la shule ya msingi, ubavuni mwa malori ya kiwanda cha mbao, hata juu ya mlango wa wodi ya wazazi, hatua kumi kutoka dirisha lake la kazi. Jaji mstaafu alikuwa nalo. Muuza mitumba wa stendi alikuwa nalo pia, ila huyo, karani hakuwahi kumtaja.

Si kwamba alidai hao ni ndugu zake. Alikuwa mjanja kuliko hapo. Mgeni akimuuliza kama ana uhusiano na kile kibao cha wodi, aliinamisha macho, akatabasamu kidogo, akasema mambo ya familia hayazungumzwi kazini. Mgeni aliondoka amejijibu mwenyewe. Wenzake walimpachika jina la Bwana Ukoo, nalo likamkaa kama koti la kushonesha. Mkewe peke yake ndiye ambaye hakuyaamini maneno yale. Siku walipotumbukia kwenye dimbwi la barabara ile, alimuuliza, "Baba watoto, na hili shimo nalo ni la kwenu?"

Kazini mambo yalizidi. Mafaili ya wagonjwa wote yalipangwa kwa namba, lakini ya wenye jina lile aliyachomoa moja moja, akayahamishia kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti chake na kulitia kufuli. Humo ndani namba hazikuwa na kazi. Rafu ya juu ilikuwa ya watu wa damu: jaji, mwenye kiwanda, na watoto wao. Ya kati ilikuwa ya walioingia kwa ndoa. Ya chini, iliyofurika hadi mlango ukawa haufungi sawasawa, aliibandikia karatasi yenye neno moja: WANAODANDIA. Kila mgonjwa mwenye jina lile alihojiwa dirishani, anakohoa hivyo hivyo, babu yake alikuwa nani na alitokea wapi, kabla karani hajaamua rafu yake.

Kisha ngiri ikamkamata mwenyewe. Alisubiri miezi tisa zamu ya daktari bingwa, ambaye huja mara moja kwa miezi mitatu na kuondoka siku hiyo hiyo. Asubuhi ya upasuaji alikuwa juu ya machela, amevaa gauni la wagonjwa lisilofunga nyuma, mkewe pembeni ameshika viatu vyake. Daktari wa usingizi akaomba faili. Karani aliwahi kudungwa dawa ya usingizi ikamzimisha kweli kweli, nusura asizinduke, na jina la dawa hiyo lilikuwa kwenye faili tu. Bila faili, daktari alisema, hamgusi.

Karani akatoa ufunguo. Msaidizi wake, binti aliyeajiriwa mwaka ule, akakimbia nao, akarudi anahema. Kulikuwa na mafaili zaidi ya mia tatu, yamepangwa kwa utaratibu asioujua. La mzee liko rafu ipi?

"Ya juu," karani akajibu, kwa sababu muuguzi, mkewe na wagonjwa wawili walikuwa wanasikiliza.

Binti akaenda, akarudi mikono mitupu. Karani akasema basi ni ya kati. Akaenda tena, akarudi tena. Ndani, daktari bingwa akauliza kama mgonjwa yupo tayari au aitwe mwingine, na machela ya mgonjwa mwingine ikaanza kusogezwa.

Miaka mingi nyuma karani aliwahi kumwandikia jaji barua ndefu, na jaji akamjibu kwa adabu, mistari miwili, kwamba hawafahamiani. Majirani angeweza kuwadanganya. Kabati lake hakuweza. Alikuwa karani mzuri mno.

"Angalia ya chini," akasema polepole.

"Ya chini ipi, mzee?"

"Ya wanaodandia. La kwanza kabisa."

Mkewe akageukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko, viatu mkononi. Muuguzi akajifanya anakunja shuka. Faili likaja, dawa ikabadilishwa, machela ikaingia.

Alipozinduka mchana, kinywa kikavu kama karatasi, alimkuta binti kando ya kitanda, faili kifuani. Alikuwa anarudi masjala. Akauliza kwa heshima zote alirudishe rafu gani.



"Lipange kwa namba."

"Na haya mengine ya kabatini?"

"Yote, binti. Kwa namba."

Binti alipofika mlangoni, karani akamwita, sauti bado nzito ya usingizi.

"La jaji liache kwanza," akasema. "Na ufunguo nirudishie."