Sabato Aliyokaa Bila Kujiinua

Nilianza kazi saa moja na dakika ishirini asubuhi, katika wadi ya wanaume ya hospitali moja mjini Kisii. Sista msimamizi hakunipa dawa wala bandeji. Alinionyesha saa ya ukutani.

"Hawa wameumia uti wa mgongo, hawasikii kitu chini ya kiuno. Kila saa mbili uwageuze. Ngozi ikioza, usiniambie ulikuwa unakunywa chai."

Nilikuwa mhudumu tu. Mengine nilijifunza kwa kutazama na kwa vitabu vya kuazima: kutunza mpira wa mkojo, kunyoosha viungo visikakamae, kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Baadaye nikahamishiwa Nyamira, kuwatembelea wagonjwa majumbani.

Huko, katika kijiji cha Ikonge, nilimhudumia Mogaka, mchuma chai aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi. Kwa miezi mitano tulirudia zoezi moja: kusukuma mikono ya kiti mpaka makalio yainuke, kila robo saa, damu ipate kupita. Alitaka kushona viatu, na tayari alikuwa amepata kibanda sokoni.

"Mikono imekuwa kama ya mpasua mbao," nilimtania.

"Bibi yangu anasema heri hii mikono kuliko hicho kitambi chako, daktari." Ndivyo alivyoniita, ingawa sikuwa daktari.

Sabato moja alirudi kanisani mara ya kwanza tangu aanguke. Walimweka mbele kabisa, kando ya mimbari, atoe shukrani. Jumatatu mkewe, Kwamboka, alinionyesha ngozi iliyokufa, nyeusi, penye mfupa wa kukalia.

"Ulikaa muda gani?" nilimuuliza Mogaka.

"Saa tatu mpaka saa kumi."

"Na hukujiinua?"

"Mbele ya wazee wa kanisa? Watu wanaomba, mimi naruka-ruka kwa kiti? Hiyo si adabu, daktari."

Nilikuwa nimemfundisha chumbani na uani. Sikuwahi kumuuliza Sabato huketi wapi, wala kuzungumza na mzee wa kanisa, ambaye neno lake moja lingetosha kumruhusu ajiinue mbele ya watu. Kosa hilo ni langu.

Kidonda kilifika mfupani. Alilala kifudifudi miezi saba, kibanda kikachukuliwa na mwingine. Katika mwezi wa nane sumu ya kidonda ilienea kwenye damu, tukamzika.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza, mwulizeni mgonjwa anaketi wapi siku zote saba, na mbele ya nani. Kwamboka aliuza shamba lao la chai kulipia dawa, bandeji na kitanda cha hospitali: shilingi laki tatu na elfu arobaini.