Kamera Iliyojifunza Chaki

Jirani yetu mshonaji ndiye aliyeleta habari. Alisimama mlangoni kwetu na pini zake mdomoni, akajifanya amekuja kuazima mkasi, wakati mikasi anayo yeye ya kuuza.

"Nasikia mkweo ameinywesha pombe kamera ya kiwandani," alisema. "Imelewa chakari. Chupa nzima inatupa, iliyovunjika inapitisha. Watu wanasema amefanya makusudi asifukuzwe."

"Kamera inakunywa, jirani?"

"Mimi sikuwepo. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Nilimpa mkasi. Mtoto alikuwa kifuani ananyonya, sikutaka maneno.

Mama mkwe wangu anafanya kazi kiwanda cha bia, ingawa bia yenyewe hajawahi kuionja. Anasema harufu imemtosha. Kazi yake ni kutazama chupa tupu. Chupa zikirudi kutoka baa zinaoshwa kwa mashine, zinapanda mkandani, zinapita mbele ya ubao mweupe wenye taa nyuma yake, ndipo zinaenda kujazwa. Yeye hukaa pale kwenye ubao, juu ya kiti kirefu. Yenye ufa, yenye mdomo uliomeguka, yenye uchafu uliogoma kutoka, anaichomoa. Wenzake wanamwita Jicho. Walikuwa watatu, wakipokezana, maana macho huchoka kabla ya mgongo.

Chupa aliyoichomoa huichora mstari wa chaki begani, kisha huitia kwenye kreti ya mbovu. Hakuna mkubwa aliyemwamuru. Alifundishwa na mama aliyekikalia kiti kile kabla yake, na huyo naye alifundishwa na mwingine. Ufa mwembamba hauonekani chupa ikiwa ndani ya kreti, na mbeba kreti mwenye haraka anaweza kuirudisha mkandani. Lakini akiona chaki anajua hiyo imeshahukumiwa. Aproni zake mimi ndiye ninayefua, na sijawahi kugeuza mfuko nisikute unga mweupe.

Kisha ikaja kamera. Fundi wake, kijana mpole asiyependa kukaa, aliwaeleza kwamba kamera haijui chupa ni nini. Inafundishwa kama mtoto: unaionyesha nzima unaiambia hii nzima, unaionyesha mbovu unaiambia hii mbovu, nyingi sana, mpaka ijue yenyewe. Basi wakaombwa walete chupa mbovu. Wangezitoa wapi? Walizitoa kwenye kreti za mbovu, na chaki zake begani. Fundi hakulitilia maanani, msimamizi wa zamu hakulitilia maanani, mama naye vivyo hivyo. Mstari ule walishauona mpaka ukawa kama rangi ya chupa.

Siku ya majaribio walitumia kreti zilezile, na kamera ikapatia zote. Wakubwa wakapiga makofi. Wenzake wawili wa mama wakapewa haki zao wakaenda makwao, yeye akabakizwa kuiangalia kamera ikiangalia chupa.

Sasa pale mkandani hapakuwa tena na mtu wa kuchora chaki. Chupa iliyomeguka mdomo ikapita, ikajazwa, ikafika baa, mnywaji akajikata mdomo. Na chupa nzima zilizobaki na gundi nyeupe ya lebo ya shingoni zikawa zinasukumwa nje kama wezi. Fundi alizipekua picha zake siku nzima, halafu akaja kwa mama anakuna kichwa.

"Mama, kamera haijawahi kuona ufa hata mmoja. Imejifunza chaki."

Hayo mama alituhadithia nyumbani amesimama, viatu mkononi, hata maji hajaomba.

"Msimamizi anasema tumefanya kusudi. Nikamwambia, baba, ningekuwa na akili ya kuidanganya kompyuta, si ningekuwa nimekaa kwenye kiti chako?"

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema nimemtukana."

Mume wangu, mwanawe wa pekee, alimwambia aache kazi, tutakula tulicho nacho.

"Kuacha nitaacha," alijibu. "Lakini nikiacha leo, huyo mshonaji wenu atapata kitambaa cha kushona mpaka mjukuu wangu aoe. Nitoke kule nimechoka, sawa. Nitoke ninaitwa mharibifu, hapana."

Sharti alilopewa na msimamizi lilikuwa hili: aifundishe kamera upya, peke yake, kwa chupa zisizo na alama. Kila chupa aishike, aseme ina kasoro gani, aiweke mbele ya kamera. Mtu wa kumsaidia alinyimwa. Mmevuruga wenyewe, tengenezeni wenyewe. Ikiharibika mara ya pili, msimamizi ataandika kuwa ni makusudi, na mama atatoka na jina hilo.

Chaki alimkabidhi fundi mwenyewe, mpaka vipande vya mwisho vya mfukoni. Shida ikabaki mkononi. Jicho likishaona ufa, kidole gumba chake kinakwenda chenyewe begani kwa chupa na kupita, fyu, kama bado kimeshika chaki. Na kwa kuwa chupa imetoka kuoshwa ina umande, kidole kinaacha mstari. Mstari safi kabisa. Kamera inaupiga picha.

Kazi ya asubuhi nzima ikafutwa. Akarudia, ikafutwa tena. Wakampa glavu, ikawa balaa zaidi, glavu inachora vizuri kuliko kidole. Akakifunga kidole kwa kitambaa. Chupa ikamteleza ikapasuka miguuni, na msimamizi akapita wakati huohuo. Fundi wala hamfokei. Anasema tu, "Mama, kidole," kwa sauti ya chini, na mama anasema heri angefokewa.

Nyumbani nilianza kukiona kile kidole. Akiosha vikombe, chenye ufa kinapigwa mstari na kuwekwa kando. Sahani iliyomeguka, mstari. Nilikuwa nimeishi naye tangu niolewe na sijawahi kukiona, na sasa siwezi kutokiona. Alikuwa amekasirika kiasi kwamba hata mlango aliufunga kama una kosa.

Jumapili alimwogesha mtoto. Ana vipele vya joto begani, na mama alikuwa anampaka mafuta taratibu, anamsemesha. Alipofika penye vipele kidole kikapita. Mafuta yakaacha mstari unaong'aa begani kwa mwanangu.

Mtoto akacheka. Mama akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Hata mjukuu wangu nimemkataa."

Nilicheka kidogo, kisha nikaona yeye hacheki. Alimfunga mtoto kitambaa, akanirudishia, akatoka nje bila ndala. Nikamsikia anabishana na mwokota chupa wa mtaani, hataki nzima, anataka mbovu, na yule bwana anamuuliza kama yuko salama kichwani.

Alirudi na mfuko uliojaa. Akaweka beseni la maji uani, akaketi kwenye kigoda, akachovya chupa ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga. "Ufa shingoni," akasema, na kidole kikapita. Akaichovya tena. "Ufa shingoni." Kikapita. Mara ya tatu alikibana kidole kwa meno kabla ya kusema, na hapo akashindwa kusema.

Mshonaji alikuwa ukutani, anajifanya anaanua nguo.

"Shoga, unasali au unaosha?"

"Nakufundisha kazi, uache ya kwangu," mama alimjibu bila kugeuka.

Kisha akaniita. Nilimlaza mtoto kwenye mkeka penye kivuli, nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Alinyoosha mkono nyuma, akachukua mwiko wa ugali uliokuwa unakauka juu ya sufuria, akaniwekea mkononi na kunifumba vidole.

"Kesho ndiyo nafasi yangu ya mwisho kule kiwandani," alisema. "Fundi ananionea haya, mumeo ananihurumia, wewe ndiye uliyebaki. Nikishika chupa, usinitazame usoni. Tazama kidole. Kikianza tu kuondoka, nipige."

"Mama, mimi nikupige wewe?"

"Nipige. Na usinipige kama mkwe, kwa kugusagusa. Piga kiume, kiume mpaka huyo wa ukutani asikie."

Akaichovya chupa, akaiinua.