Mlete Yule Mnene

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la bima, hospitali moja huku Masumbwe. Mbele yangu alisimama mama wa miaka sitini na ushee, amefuata dawa zake za presha. Karani, binti wa rika la wajukuu zake, hakumpa hata shikamoo. Aliitazama kadi, akaigonga picha kwa kalamu.

“Huyu siyo wewe. Huyu ni mnene. Mwenye kadi aje mwenyewe.”

“Ni mimi, mwanangu. Daktari wa humu humu aliniambia nipungue, la sivyo presha itaniua. Nimeacha soda, ugali nimepunguza, shambani naenda kwa miguu mwaka mzima sasa.” Akalishika gauni lake kiunoni, akalivuta, kitambaa kikamjaa mkononi. “Yule mnene hayupo tena.”

“Kama hayupo, ndugu zake walete cheti cha kifo,” karani alijibu bila kuinua macho. “Anayefuata!”

Anayefuata nilikuwa mimi. Nilifoka mpaka mlinzi akaja, akanitoa mimi.

Hasira bado ninazo. Kila siku tunawahimiza wazee wetu wapunguze uzito. Huyu katii, kafanya kazi iliyotushinda mimi na kitambi changu, halafu tunamnyima dawa kwa kosa la kutii!

Nje nilimkuta amekaa kwenye ngazi, kadi mkononi. Akaniuliza, na wala hakuwa anatania:

“Baba, nikianza leo kula kama zamani, kufikia Jumatatu nitakuwa nimefanana na picha?”