Kinu Kilichomshinda Mashaka

Ngozi ya ngoma ikisogezwa karibu na moto wa nyasi hutoa harufu ya mbuzi aliyeungua nusu, na harufu hiyo ndiyo iliyotutangazia kiangazi pale Ng'ambo, Tabora. Mavuno yakishaingia ghalani, wapigaji waliwasha nyasi kiwanjani baada ya sala ya alasiri, wakazigeuzageuza ngoma zao juu ya moto hadi ngozi ikaze, nasi watoto tukajua kuna mashindano. Hayakuwa na mwamuzi. Waimbaji wawili walisimama pande mbili za kiwanja, wakaanza kwa pamoja, na watu wakahukumu kwa miguu: aliyekupendeza ulimwendea, aliyekuchosha ulimpa mgongo. Aliyeachiwa vumbi tupu alinyamazisha ngoma yake na kwenda nyumbani. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Kwetu hata isiyovuma ilipewa uwanja wa kuaibikia.

Kiangazi ninachokisimulia nilikuwa darasa la nne. Chumba cha uani nyumbani kwetu alipanga kijana mmoja kutoka Nzega, jina lake Mashaka, mpakia mizigo stesheni ya reli. Alikuwa mrefu, mpole, na sauti yake ilitokea puani, nyembamba kama uzi wa chuma unaokwaruzwa kwenye sufuria. Siku moja lilipita gari la redio likikusanya nyimbo za kuhimiza kilimo, akaimba wimbo wake wa jembe, na tangu hapo redio ya Dar es Salaam ikawa inaupiga kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari. Ulisikika kwenye maduka ya Gongoni, ulisikika kwa wauza maandazi mbele ya hospitali ya Kitete, ulitungoja tukirudi kutoka kisimani. "Shika jembe ndugu, nyumba mpya yatungoja," ndivyo ulivyoanza, na ulipofika ubeti wa pili redio iliukata, ikaja habari.

Watu waliuchukia kwa chuki isiyolingana na wimbo. Huo ulikuwa msimu wa kuhamia vijiji vya ujamaa, na karibu kila nyumba ilikuwa na ndugu aliyepakiwa kwenye lori. Mama mdogo wangu, aliyekuwa na shamba zuri upande wa Nzega, alishushwa porini wakati wa jua kali, akiwa na watoto watatu na kitanda bila paa la kukifunika. Hakuna aliyethubutu kulizomea lori. Mashaka hakuwa lori. Alikuwa mtu wa kukutana naye njiani. Wanawake walitema mate akipita. Muuza kahawa alimwambia kikombe chake kimevunjika, siku zote. Mama alipokea kodi yake kwa mkono wa kushoto, na asubuhi wimbo ulipoanza aliisukumia redio ndani ya pipa la mtama, ikaendelea kuimba humo humo kwa sauti ya mtu aliyezikwa.

Mashaka aliyavumilia yote kwa ajili ya Mwajuma, binti wa jirani yetu Mzee Feruzi, fundi viatu. Mzee Feruzi alikuwa Mmanyema, na kwa desturi iliyoletwa na misafara ya zamani yeye na Wanyamwezi, kama Mashaka, walikuwa watani. Mtani husema lolote, nawe huruhusiwi kukasirika. Mashaka alikwenda kuposa, amevaa kanzu ya kuazima, akatoa shikamoo mlangoni. Mimi nilikuwa nimetumwa pale kupeleka kiatu cha baba.

"Marahaba, redio," alijibu Mzee Feruzi, misumari mdomoni. Alimwacha kijana aeleze haja yake mpaka mwisho, kisha akasema, "Sikunyimi mke. Siku watu wa Ng'ambo watakaposimama wakasikiliza wimbo wako mpaka mwisho, njoo na wazee wako. Sitadai hata mbuzi."

Waliokuwapo walicheka. Mashaka hakucheka, alishukuru. Aliuchukua utani kama ahadi, na kosa hilo lilienea mtaani kabla jua halijazama. Siku hiyo hiyo aliomba nafasi kwenye mashindano ya Ijumaa.

Ijumaa watu walijaa mpaka ukutani. Mashaka alisimama upande wake na mpigaji mmoja aliyekodiwa. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Aliuliza mpinzani wake yuko wapi, na Mzee Feruzi akamjibu kwamba anakuja, ana mwili mzito. Ndipo wanaume wawili wakatokea uani kwetu wamebeba kinu cha mama. Wakakiweka vumbini upande ule wa pili, mama mwenyewe akakifunga kitambaa kichwani kama bwana harusi. Ngoma ya Mashaka ilipolia, kiwanja kizima kilimgeuzia mgongo, kikakizunguka kinu. Na ili kejeli ikamilike, watu walinyamaza. Waliinamisha vichwa kama wasikilizaji wa kweli. Wengine waliweka senti juu ya mdomo wa kinu, kwa kukitunza. Mwajuma alibaki peke yake katikati. Baba yake alimtazama mara moja tu, naye akaja upande wetu.

Desturi ilimtaka Mashaka anyamaze. Mpigaji wake alinyamaza, akaondoka na ngoma. Yeye aliendelea bila ngoma, akapita ubeti wa pili, pale redio ilipozoea kumkata, akaingia mahali ambapo hakuna aliyewahi kumsikia. Kwa kuwa tulikuwa kimya kwa ajili ya kinu, kila neno lilitufikia. "Mama kabeba jiwe la kusagia, kaacha kaburi la baba. Jembe limegonga mwamba, nani nimwulize njia?" Niliona shingo ya mama yangu ikikakamaa. Hakugeuka. Hakuna aliyegeuka. Balozi wa nyumba kumi, jicho la chama mtaani, peke yake ndiye aliyeinua kichwa.

Mashaka alipomaliza alivuka kiwanja, akasimama mbele ya Mzee Feruzi.

"Mzee, wamesikiliza mpaka mwisho."

Mzee Feruzi aliokota senti moja iliyokuwa imeanguka, akairudisha juu ya kinu. "Sijui wenzangu," alisema. "Mimi nilikuwa nasikiliza kinu."

Juma lililofuata wimbo haukupigwa tena redioni. Mashaka aliitwa ofisi ya chama kueleza beti zake, akarudi kufungasha, na treni ikamchukua mimi nikiwa shuleni. Mama alikiosha kinu, akatwanga mahindi ya chakula cha jioni.

Leo mjukuu wangu humchukia mwimbaji kwa kidole gumba, kwenye simu. Anamsikia kwa muda wa kupiga chafya, anamfuta, na akimchukia zaidi anamwandikia "kinu". Vijana wa Ng'ambo wote husema hivyo kwa mwimbaji mbovu, mpelekeeni kinu, bila kujua neno limetoka wapi. Namwambia sisi angalau tulisimama juani kwa ajili ya chuki yetu, naye anacheka. Sauti ya Mashaka, kusema kweli, ilikuwa mbaya, na sijaizoea hata kwenye kumbukumbu. Mwaka jana nilikutana na Mwajuma msibani, bibi mwenye fimbo, nikamwuliza kama anazikumbuka zile beti za mwisho. Alilitengeneza shungi lake taratibu.

"Zipi?" akasema. "Sisi tulikuwa kwenye kinu."