Kiingereza cha Chini ya Mikorosho

Jumapili iliyopita mchana nilipata habari kwamba mwenzangu wa dawati amefariki, huko kwao ng'ambo ya Ruvuma. Aliyeileta ni mchuuzi wa samaki wakavu aliyevuka asubuhi ile. Alisema tu kwamba walimzika Ijumaa. Nilimpa maji ya kunywa, nikakaa chini. Kwa umri huu, rafiki yangu, habari za misiba zinachosha mwili kama kulima. Sikulia. Kilichonijia ni maneno mawili ya Kiingereza, na sijui kama ni heshima kumkumbuka marehemu kwa Kiingereza, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kijiji chetu kilikuwa cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na shule ilikuwa na shamba lake la mikorosho. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitoka Bukoba. Msimu wake wa kwanza alinyoosha mkono akachuma korosho mbichi mtini, utomvu ukamuunguza vidole. Darasa zima lilicheka.

"Mwalimu, hiyo haichumwi! Iache ianguke, uokote!"

Naye akacheka, huku akipuliza vidole. Kesho yake aliandika ubaoni "pick up", akasema, "Jana mlinifundisha ninyi. Leo zamu yangu."

Kuokota kilichoanguka ndiyo maana ya kwanza, alisema, lakini Waingereza wanayatuma maneno hayo kazi nyingi. Gari likikupitia njiani likakupakia, ni hayo hayo. Biashara iliyolala ikianza kuchangamka, hayo hayo. Simu ikilia ukaipokea, hayo hayo, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kusikia simu ikilia. Na mtu akijua lugha bila kufundishwa, kwa kusikia tu watu wakisema, hayo hayo pia. Hapo akamwonyesha mwenzangu kwa chaki. "Kama huyu."

Mwenzangu alikuja kwetu na bibi yake wakati wa vita vya Msumbiji, akijua Kimakonde cha kwao na kuhesabu kwa Kireno. Kiswahili alikipata kisimani, kwa kutusikiliza wasichana tukigombania zamu, kwa hiyo matusi aliyajua kabla ya salamu. Kiingereza nacho akakishika vivyo hivyo. Shambani kila mtu alikuwa na mstari wake wa miti. Harufu ya mabibo ya mikorosho yaliyoiva, tamu na kali, ilikuwa inakaa puani mpaka usingizini, na maji yake yalitia nguo madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Yeye aliokota huku akitunga sentensi za mwalimu, na nikinyoosha mgongo ananikemea, "We, inama! Kiingereza hakiokotwi umesimama."

Kisha Msumbiji ikapata uhuru, watu wa kwao wakaanza kurudi, lori likiwapeleka mpaka mtoni. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekaribia, na mwalimu aliamini kwamba kuliko sisi wote, mwenzangu angekwenda sekondari. Mwenyewe aliutaka mtihani ule mpaka chakula kikawa hakimpiti. Jioni moja mwalimu akaenda kwa bibi. Sisi wawili tulikuwa uani tukimenya muhogo, tunasikia yote.

"Bibi, ni siku chache tu. Atakaa kwangu na mke wangu, kisha nitamvusha mwenyewe."

"Wewe mtu wa Bukoba, mto huu unaujua?"

"Siujui, bibi."

"Basi utamvusha kwa Kiingereza?"

Mwalimu akacheka kidogo. Bibi hakucheka. Alisema mama wa mtoto alibaki kule miaka yote ya vita akibeba mizigo ya wapiganaji, na sasa ameagiza mtoto wake. "Nifike mikono mitupu, nimwambie nini? Eti yuko kwenye mtihani?"

Mwisho bibi akasema, "Lori likichelewa, afanye. Likiwahi, twende."

Tangu siku ile tukawa watu wa kusikiliza barabara. Hata upepo ukivuma tulinyamaza. Shamba lile siku hizi ni viwanja vya watu, na nikipita hapo sioni hata kisiki. Ila kusikiliza kule bado ninako.

Lori liliwahi. Lilitukuta shambani. Bibi alikuwa ameshakaa juu, kati ya mikeka na kuku. Mwenzangu alipanda bila kubisha, na sketi yake yenye madoa. Halikufika mbali, gurudumu la nyuma likazama mchangani mbele ya shule. Dereva akatoa kichwa.

"Nyie watoto, mnaangalia sinema? Njooni msukume!"

Tukamtazama mwalimu. Alivua viatu, akaenda kuweka bega lake kwanza, nasi tukamfuata. Nilikuwa chini ya mwenzangu kabisa. Nikiinua uso namwona, ananiangalia. Tulisukuma kwa nguvu zetu zote. Lori likachomoka ghafla, tukaangukia mchangani, na dereva hakusimama, kwa kuogopa kukwama tena. Gari lilimpitia likampakia, kama mwalimu alivyotufundisha, na sisi ndio tuliolisukuma.